Dakika Nne kwa Ukoo Mzima

Mwanangu amenipa ruhusa ya kuandika haya. Nilimwomba Jumapili tulipotoka kanisani, nimeshajipanga na maneno ya kumbembeleza, najua nitakataliwa mara ya kwanza na labda ya pili. Maneno yangu hayakupata kazi. Alikuwa ameinama anafungua viatu. Akasema, "Andika tu, mama. Nani hajasikia?" Halafu akaingia chumbani kwake kubadili nguo.

Hakusema kwa hasira. Laiti angekuwa na hasira ningefurahi, maana mimi ni mtu wa hasira, nazijua zinavyokuja na zinavyoondoka. Alisema kama mtu aliyeulizwa chumvi iko wapi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kiomboi. Nashona sare za shule, na kila Januari wazazi hujazana kwenye kibaraza changu kana kwamba shule zimefunguliwa kwa kuwashtukiza. Nina mdomo, sikatai. Mtu akiniletea kitambaa pungufu namsema hapo hapo mbele ya wenzake, na akichelewa kuja kuchukua nguo namsema pia. Wamenizoea. Mume wangu analima alizeti na vitunguu, ni mtu mkimya, swali la leo hulijibu keshokutwa. Watoto wetu wawili wakubwa wameshajitegemea, wapo mbali. Nyumbani alibaki huyu wa mwisho, binti, na mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu.

Dalili ya kwanza niliiona kwa futi ya kupimia. Mwezi wa pili aliniletea sketi yake ya shule, akasema inamshuka. Nikampima, nikaibana. Mwezi wa nne akaileta tena. Nikafumua mkanda, nikapunguza pande zote mbili, nikayapanga marinda upya hata usingejua kwamba sketi imeguswa, na nakumbuka nilivyoinyanyua kuitazama nikajisifu moyoni kwamba mkono wangu bado upo. Nikamuuliza, "Mbona unakonda, una nini?" Akasema, "Sina kitu, mama." Nikamwambia, "Basi kula." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote juu ya jambo hilo, na nilikuwa na pini mdomoni.

Wakati huo huo kulikuwa na ile stika. Wasioijua stika niwaeleze: ni kipicha ambacho watu wanatumiana kwenye simu badala ya maneno. Mtu anaweza kuchukua picha ya yeyote, akaikata kichwa, akaandika chini anachotaka, na kuanzia hapo sura hiyo ni ya kila mtu. Binti yangu alikuwa anaimba kwaya ya vijana, sauti ya kwanza. Rafiki yake, ambaye wameanza wote darasa la kwanza na sare zake nimezishona mimi tangu akiwa na meno ya maziwa, alimpiga picha siku moja wakiwa mazoezini. Macho yamefumbwa, mdomo umeachama hadi koromeo linaonekana, maana alikuwa kwenye noti ya juu. Akaikata, akaandika chini: NIPENI CHAKULA.

Ilichekesha, nisiseme uongo. Ilianzia kwenye kundi la darasa lao, ikaenda kwenye kundi la kwaya, ikafika kwangu kupitia mama mmoja wa kanisani, na nilipoiona nilicheka mpaka nikasimamisha cherehani. Nikaihifadhi. Sisi nyumbani kwetu tunataniana, ndivyo tulivyolelewa. Mtu asiyetaniwa tunajua hapendwi. Basi kwenye kundi letu la ukoo, lenye watu wa Kiomboi, wa Singida mjini, wa Manyoni na wale waliohamia Dar, kila mtu akitangaza harusi au ubatizo mimi natuma ile stika. Shangazi zake wakaipenda. Baba yake mdogo akawa anaituma kila asubuhi badala ya salamu. Nilijiona mama wa mtoto maarufu.

Mwezi wa sita shule zilifungwa na alizeti ilikuwa imeshakauka. Jumamosi moja tulikuwa mimi na binti yangu tu uani, tumetandaza turubai, tunapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo ili mbegu zitoke. Upepo wa msimu ule unajulikana, vumbi na makapi vinaingia hadi puani. Tulikuwa tunapiga tu, kila mtu na fimbo yake, akasema, "Mama, nina jambo. Lakini usiache kupiga."

Sikuelewa. Nikasita na fimbo hewani. Akasema, "Piga tu, mama, wasisikie majirani."

Basi nikaendelea kupiga, na yeye akaendelea kupiga, na katikati ya zile kelele akaniambia. Kwamba tangu ile stika hajala shuleni. Wakigawiwa makande anachukua sahani yake anakwenda nyuma ya madarasa kuwamwagia kuku wa mlinzi, kwa sababu akifungua mdomo kuna mtu lazima aseme, "Mpeni chakula." Kwamba kwaya anasimama mstari wa nyuma anachezesha midomo bila sauti. Kwamba alimwomba rafiki yake aifute, rafiki akamjibu, acha kudeka, ni utani tu. Kwamba anashika simu yangu kila nikimruhusu, mimi nikidhani anasoma, kumbe anapekua makundi kuangalia kama leo imetumwa tena na nani.

Halafu akasema, "Hata wewe uliituma, mama. Mara nyingi. Nilihesabu nikaacha."

Niliendelea kupiga alizeti. Sijui kwa nguvu gani.

Akasema tena, na hili alilisema polepole zaidi, "Siku nyingine natamani nilale nisiamke. Sitafanya kitu, mama, usiogope. Natamani tu."

Niliogopa. Nani asingeogopa? Niliacha fimbo nikamshika mkono uliojaa vumbi. Akautoa taratibu, akasema, "Usimwambie mtu. Hata baba. Hata mama mkubwa." Mama mkubwa ni dada yangu wa Manyoni, ambaye mimi namwambia kila kitu, mpaka ndoto zangu. Nikasema, "Haki ya Mungu, simwambii mtu." Akanitazama kuhakikisha. Halafu, na hili ndilo linaloniua nikilikumbuka, akatabasamu. Akaokota fimbo yangu akanipa, tukamaliza turubai lote, tukapepeta, na jioni akala ugali na mlenda mbele yangu, akaongeza.

Ningeachia pale. Mtoto alikuwa ameshafungua mlango mwenyewe. Nilichotakiwa ni kukaa karibu na mlango ule, nisiongee, jambo ambalo sijawahi kuliweza.

Siku tatu nilitembea na lile neno kifuani. Nilikuwa nikimwona amejilaza mchana namwita kwa jambo la uongo ili nimsikie akiitika. Kwa kupitiwa nilikata kola mbili za upande mmoja. Mume wangu aliniuliza kama naumwa, nikamjibu vibaya. Na kichwani yakawa yananijia maneno niliyokua nayo: mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu hili hatulichukulii kama msemo wa kupendezesha barua. Kwetu mgonjwa ni wa ukoo. Nilikuwa bado binti mdogo tulipompoteza mjomba wangu mmoja, ambaye mke wake alimuuguza kimyakimya kwa kuona aibu ya ule ugonjwa. Siku ya mazishi wazee walikataa kuingia ndani. Walikaa nje, wakamwambia yule mjane, "Ugonjwa ulikaa nao mwenyewe, jeneza ndiyo unatuletea sisi." Yule mama aliishi na maneno hayo hadi alipokufa. Nikajiambia, mimi sitaambiwa hivyo. Likitokea la kutokea, hakuna atakayesema sikutangaza.

Mnaona nilichokuwa nakiwaza? Nilikuwa nawaza mazishi, na mtoto yuko jikoni anachambua mchele.

Jumanne asubuhi, yeye akiwa ametumwa dukani, nilikaa kwenye cherehani nikarekodi sauti kwa kundi la ukoo. Nilirekodi mara tatu. Ya kwanza ilikatwa na mteja. Ya pili niliongea haraka. Ya tatu ilikaa vizuri, dakika nne na kitu, nikaeleza kila alichoniambia: kuku wa mlinzi, mstari wa nyuma wa kwaya, na lile neno la kulala asiamke, nikalitaja kama alivyolitaja. Nikaomba maombi. Mwishoni nililia. Nililia vizuri, kilio cha mtu anayejua anasikilizwa. Nikaachia kidole, ikaenda. Na nikajisikia mwepesi, jamani, mwepesi kweli, nikashona mashati manne kabla ya saa sita.

Ukoo uliitika. Ukoo wetu haujawahi kushindwa kuitika. Mikono ya maombi ikajaa kwenye simu. Tunamkabidhi kwa Bwana. Pole sana mama. Shetani ameshindwa. Mmoja akasema nimnyang'anye simu, wakati mtoto hana simu. Mwingine akasema hiyo ni roho ya bibi mzaa baba haijatulizwa. Binamu yangu mmoja akarekodi sauti ndefu kuliko yangu, akianza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kinyiramba, kwamba watoto wa siku hizi wanashiba mno, yeye umri ule alikuwa anatembea na ndoo kichwani kuvuka kilima. Baba yake mdogo, yule wa kila asubuhi, aliuliza kwa uchungu, "Ni nani huyo mshenzi aliyetengeneza hiyo stika?" Na juu kidogo ya ujumbe wake, kwenye kundi lile lile, ile stika aliyoituma yeye asubuhi ilikuwa bado ipo.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ningempata hata mmoja mwenye nia mbaya ningepumzika.

Mume wangu aliisikia sauti yangu akiwa shambani, kwenye simu ya mtu mwingine. Alirudi, akakaa kwenye kigoda, akaniangalia, akasema, "Ungeniambia kwanza." Kisha akaenda kufunga mbuzi.

Dada yangu ana binti wa umri ule ule wa wangu. Alikuwa ameacha simu mezani inachaji, binti yake akaisikiliza ile sauti. Akaogopa. Hakuwa na namba nyingine ya Kiomboi isipokuwa ya rafiki wa mwanangu, walifahamiana likizo ya Krismasi alipokuja kwetu. Akamtumia, na chini yake akaandika, "Ni kweli haya? Yuko salama?" Nimeuona ujumbe wenyewe. Aliandika hivyo tu. Rafiki naye akamtumia mwenzake mmoja wa kumuuliza afanyeje, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena, wakawa wanasikiliza.

Alhamisi mwanangu alikwenda bombani. Walikuwepo wasichana watano au sita wanasubiri maji, mmoja ana simu, na simu ile ilikuwa inaongea kwa sauti yangu. Wameiongezea kasi, naongea kama kasuku, nalia kama kasuku. Hili sikuambiwa na yeye. Niliambiwa baadaye na mama mmoja aliyekuwa anapita, aliyefikiri ananisaidia.

Yeye alirudi na ndoo yake kichwani. Akamimina maji kwenye pipa polepole, hakumwaga hata kidogo. Akaja kibarazani. Nilikuwa peke yangu natia vifungo. Akasema, "Mama, naomba simu yako."

Nikampa. Akaingia kwenye kundi la ukoo, akapandisha juu hadi alipoipata, akaisikiliza. Dakika nne zote, amesimama mbele yangu, simu kaiweka karibu na sikio. Mimi nilikuwa nasikia kwa mbali naongea. Ilipofika nilipoanza kulia aliniangalia, si kwa ubaya, kama anayelinganisha. Ilipoisha alinirudishia simu kwa mikono miwili, kama tulivyomfundisha kumpa mtu mzima kitu. Akasema, "Asante, mama." Akaenda jikoni kuwasha moto.

Nilijaribu kuifuta. Simu ikaniambia muda umepita, naweza kuifuta kwangu tu. Kwa wengine wote itabaki. Nikaifuta kwangu hivyo hivyo.

Halafu hasira zikanipanda, na hasira zangu zinahitaji mtu. Nilivaa kanga nikaenda hadi kwa yule rafiki yake. Nilimkuta anafua. Akaacha ndoo, akanisogelea, akasema, "Shikamoo, mama." Sikuitikia. Sijawahi maishani kukataa shikamoo ya mtoto, hata ya mtoto wa adui yangu, na siku ile niliiacha ining'inie hapo. Nikamsema. Nilimsema yote, hadi mama yake akatoka ndani. Binti akaanza kulia, mikono imejaa povu, akaniambia huku analia, "Mama, mimi niliitengeneza nikaituma mara mbili tu. Nyie watu wazima ndiyo mlikuwa mnaituma kila siku. Na wewe ulikuwa unaituma. Nikajua basi haina ubaya."

Nikazunguka nikarudi nyumbani, na njiani kila aliyenisalimia niliona amesikiliza.

Jumamosi ukoo ulikuja. Dada yangu alipanda basi kutoka Manyoni, wengine wakatoka Singida, shangazi zake wawili, baba yake mdogo. Walijaa sebuleni. Walikuwa wamekuja kwa upendo, wamebeba na kuku. Wakaomba mtoto aitwe.

Akaja amevaa gauni la kanisani. Akawasalimia mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, amepiga goti, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Akakaa kwenye mkeka. Baba yake mdogo akaanza, mwanangu, sisi ni wazazi wako, unakosa nini hapa nyumbani? Unakula, unavaa, unasoma. Tuambie, usiogope. Watu tisa wanamwangalia, wanasubiri aweke moyo wake katikati ya mkeka.

Akasema, "Sikosi kitu, baba. Mama hakunielewa. Siku ile nilikuwa na malaria, nilikuwa naongea tu."

Sebule nzima ilishusha pumzi. Malaria tunaijua. Dada yangu akapiga makofi akacheka kwa furaha, akaniambia mbele ya wote, "Wewe mdomo wako siku moja utakuua. Umetutoa roho kwa homa ya mtoto!" Wakacheka, wakanisema, ilikuwa haki yao.

Mwanangu alinigeukia. Ni yeye na mimi tu tuliojua kwamba anadanganya, na alikuwa anasubiri kuona nitafanya nini. Nikisema si kweli, nitakuwa nimemtangaza mara ya pili, uso kwa uso. Nikinyamaza, nimemwacha na mzigo wake peke yake na mlango umefungwa na mimi ndiye nimeshika kitasa. Nilinyamaza. Mimi, mwenye mdomo. Hadi leo sijui kama alitaka ninyamaze au alitaka niseme.

Kuku wakachinjwa. Alikula mbele yao wote, sahani nzima, anatafuna taratibu, anajibu anapoulizwa. Shangazi yake akasema, mnaona, mtoto mzima. Wakasali, wakaondoka na basi la saa nane. Baada ya hapo kundi likahamia kwenye harusi ya mtu wa Mungaa, na stika zikaanza kutumwa tena, si ile, nyingine.

Nilimpeleka hospitali. Nilimwambia ukweli kwamba simwamini na hiyo malaria yake. Hakubisha, alivaa akanifuata. Nesi alikuwa mama wa makamo, mpole, mjuzi wa kazi yake. Alituuliza maswali, na alipoona najibu mimi akaniomba nitoke nje. Nilikaa kwenye benchi nikaomba Mungu amfungue mdomo kwa mtu yeyote, hata kama si mimi. Walikaa muda mfupi tu. Nesi akanifuata nje, akaniambia, "Mama, amesema halali vizuri kwa sababu ya mitihani. Nimempa tarehe ya kurudi." Akaongeza, "Ila aliniuliza hiki kitabu ninachoandikia kinasomwa na nani. Nikamwambia ni sisi tu hapa. Akasema sawa, akanyamaza."

Tarehe ile alirudi. Na iliyofuata alirudi. Hajakosa hata moja, na kila mara anasema ni mitihani.

Sasa yuko kidato cha nne. Ukimwona hutajua kitu. Anakula, sketi yake imerudi kwenye kipimo cha zamani, nimeiachia mwenyewe. Kwaya ameacha, alisema anataka muda wa kusoma, na mwalimu wa kwaya alikubali. Na yule rafiki yake wanasalimiana. Watu wananiambia, umeona, mambo ya utoto, yameisha. Mume wangu naye anafikiri yameisha, au ameamua kufikiri hivyo.

Mimi sifikiri kitu kwa sababu sina cha kufikiria nacho. Kila asubuhi nasimama karibu na mlango wake kabla hajatoka. Anafungua, anasema, "Shikamoo, mama." Nasema, "Marahaba, umeamkaje?" Anasema, "Salama." Wenzangu wanauliza umeamkaje kwa mazoea. Mimi nauliza kweli, nataka kujua hasa ameamkaje, na jibu ninalopewa ni lile lile ambalo angempa mgeni. Adabu yake ni kamili, hakuna mahali pa kuingiza hata sindano. Sitaki tena acheke, wala aimbe, wala anipende kama zamani. Nilichobaki nakitaka ni kimoja: siku lile neno likimrudia, aniambie. Kama limeshamrudia, kama linakaa naye sasa hivi ninavyoandika, sina njia ya kujua.

Mwezi uliopita nilijaribu mara ya mwisho. Ilikuwa Jumapili mchana, baba yake amekwenda kuangalia vitunguu. Tulikuwa jikoni tunachambua mlenda. Nikawaza, mtoto huyu nilimchukulia siri yake, basi na mimi nimpe yangu, tuwe sawa. Nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mume wangu, si dada yangu. Kwamba nilipopata mimba ya kaka yake mkubwa nilikuwa na miaka kumi na saba, sijaolewa, na baba yangu alikaa miezi mitano hanisemeshi, chakula changu kinawekwa pembeni. Hayo dada yangu anayajua. Asilolijua mtu ni kwamba katika miezi ile na mimi nilikuwa naomba nilale nisiamke. Kila siku niliomba. Na sikuwa na mtu wa kumwambia, wala fimbo ya kupigia kelele.

Sikupamba. Sikulia. Nilisema nikanyamaza.

Alikuwa ameacha kuchambua. Aliniangalia kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule wa sita niliona kitu kimesogea usoni mwake, nikaona macho yanajaa. Akanishika mkono. Akasema, "Pole sana, mama. Sitamwambia mtu."

Nilijua ni kweli. Ningekula kiapo hapo hapo kwamba mtoto huyu atakufa na siri yangu.

Nikasubiri zamu yake. Nilisubiri nimeshika jani moja, siliondoi kwenye kikonyo. Akamalizia mlenda wake, akaukusanya na wa kwangu, akauosha maji mawili, akauinjika jikoni, akauliza kama atie magadi sasa au baadaye.

Nikamwambia baadaye.